Mzee Gundi na Ua la Korongoni

Zamani ua lilipewa jina na mtu aliyepiga magoti mbele yake. Siku hizi linapewa jina na simu iliyoshikwa na mtu aliyesimama na haraka zake.

Mzee Gundi aliyasema hayo kila alipopata msikilizaji, na alipomkosa aliiambia redio. Majirani walimjua kama mstaafu wa kazi isiyoeleweka. Wengine walidhani alikuwa fundi viatu, kwa ajili ya hilo jina lake la utani. Wengine walisema alikuwa akibandika matangazo kwenye kuta. Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini na minne alikuwa mbandikaji katika nyumba ya mimea mikavu, jengo la ghorofa moja lenye madirisha membamba, ambamo makabati ya chuma yalisimama safu kwa safu na harufu ya vidonge vya kufukuza wadudu ilimpokea mgeni kabla ya mlinzi. Mimea iliyookotwa misituni ililetwa pale ikiwa imebanwa katikati ya magazeti, imekauka, imelala chali kama maiti wenye adabu. Yeye aliipaka gundi kwa brashi, akailaza juu ya karatasi nene nyeupe, akakifunga kila kishina kwa sindano na uzi, akakigandamiza kwa vifuko vya mchanga mpaka kishike. Mwisho alibandika pembeni kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipookotwa, na jina la aliyeuokota.

Shule aliiachia darasa la saba. Kilatini alikiokota kwenye vibandiko hivyo, neno leo, neno kesho, kwa msaada wa kamusi iliyokuwa imepoteza jalada na herufi yote ya A. Ilifika wakati wasomi wenye shahada tatu walipenyeza vichwa mlangoni kwake na kuuliza, "Gundi, hii ni nini?" naye akajibu bila kuinua macho. Kisha ikaja mashine ya kupiga picha karatasi zote na kuzitia kwenye kompyuta, na baada ya mashine ikaja barua. Siku ya kumuaga walimkatia keki na kumpa saa ya ukutani. Kumpa saa mtu ambaye umemnyima pa kwenda asubuhi, hiyo nayo ni akili ya siku hizi.

Basi Jumatatu moja, saa kumi jioni, mpwa wake aliingia uani akiwa na sare yake ya askari wa msitu na viatu vyenye matope ya mlimani. Mke wa Mzee Gundi alimwamuru avivue palepale, nje, kabla hata ya kuitikia salamu. Binti huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Gundi, na tangu utotoni hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alipanda barazani na soksi zake, akamsukumia mjomba wake simu usoni.

"Shikamoo, Mjomba. Hili ni ua gani?"

"Marahaba. Rudisha nyuma hicho kidude, unataka nilinuse?"

Picha ilionyesha ua jekundu la kung'aa, jekundu la kidonda kipya, lenye koo la manjano na mkia mwembamba uliojikunja nyuma kama kulabu. Lilining'inia peke yake kwenye giza la kijani. Mpwa alieleza kwa pumzi moja. Aliliona katika korongo juu ya maporomoko, kando ya kijito, kwenye kivuli kizito. Alikuwa amepita doria mlima ule miaka sita na hajapata kuliona popote pengine. Alihesabu mashina: kumi na moja tu. Na Jumatatu ijayo mafundi wangeanza kulichimba korongo lile lile, wajenge njia pana ya wageni yenye ngazi za saruji. Tayari utepe wa plastiki ulikuwa umefungwa kwenye miti, na utepe huo ulipita juu ya vichwa vya maua yale. Alikuwa amemwendea mkuu wake kumwomba njia isogezwe. Mkuu alimsikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya, kisha akamwambia kwamba hawezi kuandika kwenye ripoti kuwa njia imepindishwa kwa sababu ya kitu chekundu. Alete jina, na alete uthibitisho kutoka kwa wataalamu kwamba mmea huo ni adimu. Vinginevyo Jumatatu ni Jumatatu.

"Simu yako haijui jina?" aliuliza Mzee Gundi, na sauti yake ilikuwa na sukari ya mtu aliyesubiri swali hilo miaka mingi.

"Nimeiuliza mara tatu. Mara ya kwanza imesema ni ua la bustanini la ng'ambo. Mara ya pili imesema ni aina ya kunde."

"Na ya tatu?"

"Imesema ni chura."

Mzee Gundi alicheka mpaka mkewe akachungulia kuona kama amepaliwa. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kama wa kijana aliyeitwa mbele ya darasa. Miaka saba hakuna aliyekuja kumuuliza hii ni nini. Aliitazama picha mkia kwa koo, koo kwa mkia, akatamka kwa sauti ya mtu anayetia muhuri: okidi. Hakutaja aina gani, alisema tu ni okidi, na kwamba mkia kama ule hauwi wa kitu kingine, na waliosoma wathibitishe.

Mpwa alimshika mabega akamtikisa kwa furaha. Siku ya pili yake asubuhi aliituma picha, pamoja na neno la mjomba wake, kwa daktari kijana aliyekuwa sasa msimamizi wa nyumba ya mimea mikavu. Daktari hakujibu kwa dharau. Aliomba tu picha ya majani. Mpwa alikuwa nayo. Jumatano mchana jibu likaja, na Mzee Gundi akasomewa akiwa na kijiko cha uji mkononi. Okidi haina jani lenye meno kama msumeno, mwambie mzee wangu. Huu ni wa ile jamii ya mimea laini ya kivulini ambayo tunda lake likiiva ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Aina zake milimani ni nyingi mno. Amepitisha picha kwenye kompyuta, hakuna karatasi iliyofanana nayo. Bila jina na bila kielelezo hawezi kuandika barua. Anasikitika.

Kijiko kilirudi kwenye bakuli. Hakuna mbandikaji asiyejua kwamba okidi haina jani lenye meno. Mtoto wa jikoni angeuliza jani kwanza. Na yeye, mzima mzima, alikuwa ametia muhuri kwa kutazama ua peke yake, kwa sababu lilikuwa zuri.

"Madoa," alisema polepole.

"Nini, Mjomba?"

"Jamii hiyo. Sisi wabandikaji tulikuwa tukiiita Madoa."

Akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo aibu ilivyomtoka na kitu kingine kikaingia. Maua ya jamii ile, alisema, ni maji matupu. Ukilibana gazetini, petali zinashikana, rangi inakimbia, na baada ya siku tatu unafungua unakuta doa, kama mtu amemwaga chai. Kabati zima la madoa alilibandika yeye kwa mikono yake. Wasomi walikuwa wakiliogopa kabati lile. Yeye hakuliogopa, kwa sababu kila doa lilikuwa na umbo lake, na umbo la doa alilijua kama mtu anavyojua mwandiko wa nduguye. Lakini ua lenyewe, likiwa hai, likiwa na rangi zake na koo lake? Hakuwahi kuliona hata moja. Miaka thelathini na minne, na mlima hajaupanda. Waliopanda walikuwa wengine. Mimea yote aliyoijua, alikuwa ameijua ikiwa imekwisha kufa.

"Ndiyo maana sikulijua," alisema. "Linang'aa mno. Niletee nilikaushe, halafu tuone."

Mpwa alimtazama kama aliyetakiwa auze sare yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafungulia watu mikoba getini na kuwatoza faini kwa kuchuma hata jani moja. Mashina ni kumi na moja tu, Mjomba, alisema, na wewe unataka nilichume? Wakabishana mpaka uji ukaganda ngozi. Mwishowe ni mke wa Mzee Gundi, aliyekuwa akimenya viazi na kujifanya hasikii, aliyeuliza kama maua hayo hayana tabia ya kudondoka yenyewe kama maua mengine ya Mungu.

Alhamisi alfajiri mpwa alikuwa mlimani kwa magoti, akipapasa chini ya mashina yale na tochi mdomoni. Saa sita alikuwa amerudi na kikopo chake cha chakula kifuani. Ndani, juu ya kuvumwani mbichi, ule ukoga wa kijani wa mawe ya kijitoni, kulikuwa na ua moja lililodondoka usiku ule na jani moja ambalo kiwavi alikuwa amekwisha kulikata nusu ya kikonyo. Aliapa kwamba hilo jani lilikatika lenyewe alipoligusa. Mjomba wake hakumhoji.

Sasa ikaja shida ambayo Mzee Gundi hakuiota. Nyumbani kwake hakukuwa na gazeti. Hakukuwa na gazeti kwa jirani, wala kwa jirani wa jirani. Dukani alionyeshwa karatasi za matangazo zenye kung'aa, na hizo hazinywi maji, zinaozesha tu. Kwa kinyozi hakuna, kwa fundi cherehani hakuna. Habari zote za dunia zimeingia kwenye simu, na simu haikaushi ua. Alitembea mtaa mzima, mzee mwenye goti bovu, akiuliza magazeti kama anayeuliza mtoto aliyepotea, na kila mlango ulimpa pole badala ya karatasi. Aliyapata kwa fundi rangi wa magari, ambaye hufunikia vioo wakati wa kupuliza. Rundo la magazeti ya miaka minane iliyopita, yenye vumbi la rangi ya fedha pembeni. Fundi rangi alimpa yote bure na kumuuliza kama anasoma au anakula. Mzee Gundi alimjibu kwamba anaoga nayo, akaondoka karibu akiruka.

Alilitandaza ua mezani chini ya dirisha. Hapo mikono ilikumbuka yenyewe. Alilifungua mdomo kwa ncha ya kijiti cha meno, akaulaza mkia upande, akaweka petali moja mbali na nyingine ili angalau hiyo iokoke, akalifunika, akafuatisha jani. Juu akaweka mbao mbili za kukatia mboga, na juu ya mbao jiwe la kusagia. Mkewe alidai ubao wake mmoja, akaambiwa angoje hadi Jumamosi.

Kila baada ya saa mbili alibadilisha magazeti yaliyolowa na kuweka makavu, aliyoyapasha kwanza kwa pasi. Alikuwa akienda kwa vidole vya miguu kana kwamba mezani kuna mtu aliyelala.

"Nimezaa na wewe watoto wanne, baba watoto," mkewe alisema, akiwa ameegemea mlango. "Nepi hukubadilisha hata moja."

"Hawakuwa adimu."

Alimtupia kitambaa cha vyombo, lakini ni yeye aliyesimamia zamu ya asubuhi ya Ijumaa mumewe alipopitiwa na usingizi kitini. Mpwa alipiga simu mara tano siku hiyo. Kila mara alijibiwa kwamba bado linakufa, subiri.

Jumamosi saa moja asubuhi Mzee Gundi aliondoa jiwe, akaondoa ubao, akafunua gazeti. Wekundu ulikuwa umekwenda zake. Njano imekwenda. Pale ambapo palikuwa na ua palibaki doa la kahawia iliyoingiliwa na zambarau, na kutoka kwenye doa ulitoka mkia uliojikunja, na kwenye ncha ya mkia vinundu viwili vidogo, kama mtu amefunga mafundo ili uzi usichomoke.

Alikaa chini. Alikuwa amelijua.

Alilijua kabla ya kufikiri, kama unavyojua hatua za mtu ngazini. Na pamoja na doa likaja lililofungamana nalo, jambo ambalo kwa miaka arobaini na moja alilizungushia ukuta. Ilikuwa mwezi wake wa kwanza kazini. Aliletewa furushi la mzee mmoja mwokotaji aliyeitwa Kanyaga, mtu aliyekuwa akipotea mlimani wiki tatu na kurudi bila kucha za miguu. Kijana Gundi alibandika shina, akabandika majani, na alipotazama akaona karatasi ina uchafu: doa la kahawia lililoganda. Akataka kazi yake iwe safi. Akachukua wembe, akaanza kulikwangua. Alikuwa amekwangua nusu, akipuliza unga wake, aliposikia nyuma yake Mzee Kanyaga akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Lile doa ndilo lilikuwa ua. Kanyaga alitembea siku nane kulifikia, na lililochanua lilikuwa hilo moja. Hakumshitaki. Aliandika kwenye kibandiko kwa kalamu, "ua limeharibika", akaiweka karatasi kwenye jalada la mimea isiyojulikana, akasema mwakani atarudi kuchukua jingine. Mwakani aliteguka nyonga, na mlima haukumwona tena. Alikufa bila mtu kujua alichokipata, kwa sababu kijana mmoja alipenda usafi.

Mzee Gundi alimpigia mpwa wake. "Lipo," alisema. "Lipo kwenye kabati. Mwambie daktari atufungulie leo." Hakusema zaidi, lakini sauti yake ilimfanya mpwa aje kwa pikipiki na kofia ya pili mkononi.

Mlinzi mpya wa nyumba ya mimea mikavu hakumjua, akamtaka aandike jina, saa na sababu ya kuja. Kwenye sababu aliandika: "Doa." Daktari kijana alifika akiwa amevaa kandambili, maana ilikuwa siku yake ya kupumzika, na nywele zake zilikuwa za mtu aliyetolewa kitandani. Alikuwa na heshima na alikuwa na mashaka, vyote viwili kwa kipimo. Alieleza kwamba kompyuta ina karatasi zote, mzee wangu, na kwamba ameitafuta.

Mzee Gundi alimuuliza kama kompyuta inayo na mimea isiyojulikana.

Daktari alisita. Hiyo, alisema, ilikuwa ipigwe picha awamu ya pili. Awamu ya pili haijapata bajeti. Makabati yake yalihamishiwa chini ya ngazi.

Walishuka huko wote watatu. Taa ilikuwa moja, na kabati la kwanza lilikataa kufunguka mpaka mpwa alipolipiga teke la kazini. Majalada yalikuwa yamejaa vumbi lililolala kama blanketi. Mzee Gundi alifungua jalada, akafunga, akafungua jingine, akiyaita kwa tarehe, kwa waokotaji, kwa aina za gundi. Huyu wanga. Huyu gundi ya mfupa. Huyu si wangu, tazama mishono ilivyopinda. Daktari alianza kwa kumfuata nyuma akiwa amekunja mikono. Alipofika jalada la ishirini alikuwa amepiga magoti kando yake, na kandambili moja imemtoka bila habari. Kwenye jalada la thelathini na kitu, karibu na sakafu, Mzee Gundi alichomoa karatasi moja akaisogeza chini ya taa.

Karatasi ilikuwa imegeuka njano. Shina lilikuwepo, majani yenye meno yalikuwepo, na kando yake nusu ya doa la kahawia iliyoingiliwa na zambarau, na mkia, na vinundu viwili.

Mpwa alifungua gazeti la fundi rangi, akaliweka ua jipya pembeni ya lile la zamani. Daktari alitoa rula, akapima mkia, akapima mwingine. Akachukua kioo cha kukuzia. Akasoma kibandiko kwa sauti, na sauti ilikuwa ikimpanda: korongo la pili juu ya maporomoko, ukingo wa kijito, kivuli kizito, mashina kama kumi na matano, ua jekundu, koo manjano, halikuonekana kwingineko.

"Ni lilelile korongo," alisema mpwa. "Ni lilelile, daktari. Ndipo ninapopita mimi."

Daktari alikuwa ameinama juu ya karatasi, mahali ambapo nusu ya doa haikuwepo. Alipitisha kidole juu yake bila kupagusa. "Hii si kuharibika," alisema. "Hii ni mistari. Mtu amekwangua hapa."

Mzee Gundi angeweza kunyamaza. Kanyaga alikuwa amekufa, kibandiko kilikuwa kimesema lake, na mbele ya mpwa wake alikuwa ndiye shujaa wa asubuhi hiyo. Lakini daktari alikuwa ameshaanza kujiuliza kwa sauti kama ni wadudu, kama ni dawa, kama karatasi hii inaaminika, na Mzee Gundi aliona kwamba shaka ndogo kama ile itafika mpaka kwenye barua, na kutoka kwenye barua itafika korongoni pamoja na masururu.

"Ni wembe," alisema. "Niliushika mimi. Nilidhani ni uchafu."

Akasimulia yote, amesimama wima kama yuko kizimbani, na alimtaja Kanyaga kwa heshima na yeye mwenyewe bila huruma. Alipomaliza, mpwa wake alikuwa amemshika mkono wa shati. Daktari alikaa kwenye ngazi. Kwa muda alionekana kama atakasirika, na alikuwa na haki. Kisha akauliza kitu ambacho mzee hakukitarajia: kama ile nusu iliyobaki aliacha kuikwangua kwa sababu Kanyaga alimzuia, au mkono ulisita wenyewe.

"Alinizuia. Ningemaliza."

"Basi ahsante kwake," alisema daktari, akainuka. "Na wewe ahsante kwa kusema. Sasa naweza kuandika."

Aliandika papo hapo, mara walipopanda ghorofani, miguu yake ikiwa na kandambili moja. Jina hakulitoa, kwa sababu mmea haukuwa nalo popote, na kuupa jina ni kazi ya miaka na ya watu wengi. Lakini aliandika kwamba umeokotwa mara mbili tu kwa miaka arobaini na moja, mara zote katika korongo moja, na kwamba korongo hilo likichimbwa hautaokotwa mara ya tatu. Akatia sahihi na muhuri. Kwenye kibandiko kipya, mahali pa mwokotaji, aliandika jina la mpwa. Mpwa alilitazama mpaka likakauka wino. Mahali pa mbandikaji hapajawahi kuwepo kwenye kibandiko chochote, na hapakuwepo siku hiyo. Ila Mzee Gundi aliombwa asogee mezani alibandike ua mwenyewe, naye akalibandika kwa brashi mpya mbaya ya plastiki, akiitukana chini kwa chini.

Jumatatu mkuu wa msitu aliisoma barua mara mbili mbele ya mafundi waliokuwa wameshashusha mifuko ya saruji. Akauliza korongo lina upana gani. Akaamuru utepe ufunguliwe na njia ipite juu ya mwamba, hatua sitini kushoto. Mafundi walinung'unika kwamba wanapindishiwa kazi na jani, na mmoja akamuuliza mpwa kama mahari yake nayo italipwa kwa maua. Mpwa alimjibu kwamba yeye hata kwa shamba zima hatampata. Halafu akampigia mjomba wake, na waliokuwa karibu walisema hawakusikia maneno, walisikia ukelele tu.

Wiki mbili baadaye alimpandisha mlimani. Ilichukua saa tano mahali ambapo yeye huchukua moja na nusu. Mzee alikuwa na fimbo, na chupa ya chai ya mkewe, na maneno ya kutosha kuhusu ngazi za saruji, kwamba zamani mlima ulimjua mtu kwa nyayo zake. Walipoingia korongoni alikuwa ametangulia, akikanyaga jiwe kwa jiwe, akisikia maji. Alitembea mpaka karibu na mwisho.

"Mjomba," mpwa aliita nyuma yake, akicheka. "Umewapita wenyewe."

Aligeuka. Yalikuwa yamejaa ukingoni, mekundu, yakitikisika kwa matone ya kijito, na yeye alikuwa amepita katikati yake bila kuyajua. Alirudi, akamshika mpwa bega, akashuka goti zima kwanza na bovu baadaye. Hakujua mikono aiweke wapi. Mikono ile ilijua kulaza, kufungua, kugandamiza. Mbele ya kitu kilichosimama chenyewe haikuwa na kazi. Mwisho aliificha makwapani kama mtu anayesikia baridi. Alihesabu mashina na kupata kumi na mawili. Akahesabu tena, yakawa kumi na mawili. Akataka kumwambia mpwa, akaona kwamba naye anahesabu, midomo ikitembea.

Walikaa mpaka ukungu ulipoanza kuteremka na mpwa akasema twende, Mjomba, njia itateleza. Alipofika kwenye mwamba aligeuka mara moja. Kutoka pale, kati ya majani makubwa yaliyolowa, wekundu mmoja tu ulikuwa ukionekana, halafu ukungu ukaufunika. Goti halikumruhusu kupanda tena, na hakuomba kuletewa picha. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuyaona.